Kushoto kwa Nani

Oktoba nilikuwa na kalamu na kiburi.
Kila nilichokifungua nilikitia mfukoni, mfuko nikauandika:
kushoto juu, kushoto chini, boliti ndefu usipoteze.
Leo ni Machi. Gereji ya uchochoro wa nyuma, Coventry,
baridi inapanda kutoka kwenye saruji hadi magotini,
nami nimekaa juu ya ndoo, mfuko mkononi, najiuliza:
kushoto kwa nani?
Kwangu mimi niliyesimama mbele ya taa zake,
au kwa dereva aliyekaa ndani akitazama njia?

Gari halijibu. Limelala juu ya stendi,
jekundu, la mwaka sitini na nane, milango miwili, halina paa,
miguu ya mbele imeondolewa,
kama mgonjwa aliyeambiwa daktari anarudi sasa hivi.

Mikono ya chini niliipaka rangi wakati wa Krismasi
nikaikausha kwenye oveni.
Raya hakusema kitu. Siku ya pili alioka mkate wa mayai,
akanikatia kipande, akakaa kunitazama nikitafuna
mpaka ladha yenyewe ikanitoa kauli: samahani.

Thuwaiba, miaka kumi na minne, amevaa koti langu la kazini,
la kampuni ya mabasi, mikono ameikunja mara tatu.
Yeye ni wa kusoma namba. Mimi ni wa kulala chini.
Springi tumeibana kwa vyuma viwili vya kukodi,
nusu mzunguko wewe, nusu mzunguko mimi,
wala hatusemezani,
maana springi iliyobanwa ni hasira iliyofungwa kamba:
haichagui uso.
Iliposogea unywele mmoja ikalia ting!
sote wawili tulijikuta uani, kwenye mvua,
na hakuna aliyemwona mwenzake akikimbia.

Mzee Pargeter wa nyumba ya nne alikuja na chai yake mwenyewe.
Miaka thelathini alifunga magari kiwandani, mji huu huu,
upande mmoja tu.
"Kushoto ni kwa aliyekaa," akasema, bila kuulizwa mara mbili.
"Ya kulia usiniulize. Kulia alikuwa Wilf,
na Wilf tulimzika."

Kisha akaniona nakaza boliti za mkono wa chini,
akanigonga kiatu kwa ncha ya fimbo.
"Bado. Ukiikaza raba gari likiwa hewani
itaushika mkao wa kuning'inia,
na siku zote likiwa chini itakuwa inajisokota.
Lishushe. Libebe mwili wake kwanza.
Ndipo ukaze."

Nikabaki chali, spana kifuani,
nikivihesabu vitu nilivyovikaza mapema.
"Baba," akasema Thuwaiba, "umesinzia?"

Tukalishusha. Likasimama pua juu, kifua mbele,
bwana harusi aliyeazima suti.
Pargeter akaliegemea kwa makalio, akalitikisa, akanywa chai,
likashuka kidole, likashuka kingine.
Nikaingia chini tena, nafasi ya kupumua nusu.
"Arobaini na tano," alisoma mwanangu. "Arobaini na nane. Hapo."
Spana ikasema tiki.

Jumapili, tuta la kwanza la mtaa wetu:
ko.
Ile ile. Sauti iliyonifanya nilifungue,
miezi mitano, ngozi ya vifundo vya vidole,
na pesa ambazo Raya anazijua nusu.
Sikusimama. Tuta la pili: ko.
Thuwaiba akainama, akapeleka mkono chini ya kiti chake,
akavuta kikopo cha bati, kimeota kutu, si chetu,
cha mwenye gari wa zamani, au wa zamani zaidi.
Akakitikisa sikioni mwangu.
Ndani mlikuwa na pipi moja ya mnanaa.

Tulilipita tuta lile mara tatu, kimya.
Pipi tulimpelekea Pargeter.
Alisema bado ina ukali.